Umepigwa gepu la pointi 73 halafu unasema "hii siyo sisi". Kama siyo nyie, ni nani?

Dubu wa Temeke (mleta uzi)
Ijumaa 3 Desemba 2021, saa 2:14 asubuhi

Wakuu salaam. Sijalala. Niliamka saa kumi alfajiri kuangalia kikapu cha NBA kule Marekani, Memphis yangu na OKC (Oklahoma City), kwenye simu, sauti chini kabisa maana mama watoto kalala na dogo ana homa, na mimi nilikuwa naomba tushinde hata kwa pointi mbili tu kwa sababu nyota wetu Ja Morant goti bovu hachezi. Nikaenda kumchemshia dogo maji, kurudi ni hafutaimu, naona 72-36. Nikajua app imeganda. Nikaifunga nikaifungua tena, 72-36 ileile.

Mwisho wa mchezo 152-79. Gepu la pointi 73. Tangu NBA ianze hakuna timu imewahi kupigwa hivyo, rekodi ya zamani ilikuwa 68, Cleveland waliwapiga Miami 148-80 Desemba 1991. Kuna dakika gepu lilifika 78 wakuu, SABINI NA NANE. Benchi letu peke yake limefunga pointi 93, yaani wale wanaokaa na mataulo shingoni wamewazidi OKC nzima.

Sasa niko nafurahia zangu, nakutana na alichosema kocha wao, Mark Daigneault. Eti mechi hii haioneshi timu yetu ni ya namna gani, tumeshaonesha sisi ni kina nani, tumekuwa tunapambana, tungeweza kuanguka hivi siku nyingi na hatukuanguka. Kwa kifupi: hii siyo sisi.

Kama siyo nyie ni nani? Jezi zenu, majina yenu mgongoni, wewe mwenyewe umesimama pale pembeni umekunja mikono. Mimi nikifeli mtihani siwezi kumwambia mzee wangu kile cheti siyo mimi. Ubao wa matokeo ndiyo wewe. Angesema tu tumepigwa, Memphis wako vizuri, samahani kwa mashabiki, yakaisha. Sasa hivi ni kama ushindi wetu hauna maana, tumepiga kivuli.

Karibuni.

---

Kiti cha Dirishani
saa 2:20 asubuhi

Nimewahi siti ya mbele, naagiza chai na kitumbua cha moto. Endeleeni.

---

Mzee wa Mikeka
saa 2:31 asubuhi

Mkeka wangu wa timu sita umechanikia hapo. Niliwapa OKC wasifungwe zaidi ya pointi 20, nikasema hawa watoto huwa wanakaza. Wakuu walikaza nini??? Mimi huyo kocha akitaka kusema "hii siyo sisi" aanze na kunirudishia hela yangu.

---

Radi ya Kirumba
saa 3:05 asubuhi

Mimi ndiye shabiki wa OKC humu ndani, najua mnanisubiri, nimekuja. Mnipige taratibu, asubuhi sijanywa hata uji.

Dubu, kwanza tuwekane sawa. Nyota wetu Shai Gilgeous-Alexander hakucheza, aligongwa kichwa. Usiku mmoja kabla tulicheza na Houston tukafungwa 114-110, yaani tumetoka kwenye mechi tumelala tumeamka tunakutana na nyie kwenu FedExForum. Hii ni mechi ya nane mfululizo tunafungwa, ila hizo nyingine hatukuliwa hivi. Lakers tumewapiga mara mbili msimu huuhuu, mara ya kwanza tukitokea nyuma kwa pointi 26. Timu inayotoka nyuma pointi 26 mbele ya LeBron na wenzake ndiyo inayopigwa 73? (sawa LeBron hakuwepo, najua, msinikamate hapo)

Kwa hiyo kocha anaposema haioneshi sisi ni kina nani, hasemi matokeo ni ya uongo. Anasema ukichukua mechi 22 zetu ukazipanga mezani, hii moja haifanani na zenzake. Huo ni ukweli mtupu.

---

Dubu wa Temeke
saa 3:12 asubuhi

Mkuu hata Ja kwetu hakucheza. Tumewapiga 73 bila Ja. Jaren Jackson Jr kafunga 27 akiwa amekaa uwanjani kama dakika 20 hivi. Mkiwa na Shai ingekuwaje, 60? Haya hongereni.

Na unaposema haifanani na zenzake, mwezi wa tano mwaka huuhuu mlikula 152 zilezile kwa Indiana, tena NYUMBANI KWENU, 152-95. Kocha huyohuyo. Ile nayo siyo nyie? Itafika siku tukuletee zile ambazo ni nyie.

---

Kiti cha Dirishani
saa 3:13 asubuhi

😂😂😂 152 mbili ndani ya mwaka mmoja, hiyo ni namba ya simu ya dharura

---

Msee wa Ngara
saa 3:40 asubuhi

Wasee wa bongo mko na huruma sana, huku Nairobi tumeamka tunacheka tu. Mimi si wa Memphis si wa OKC, mimi ni Golden State, kwa hivyo naongea bila machungu.

Shida si maneno ya coach, shida ni kwamba hawa watu wanapoteza makusudi. OKC wako na drafti piki, zile zamu za kuchagua wachezaji wapya, mpaka wanakosa mahali pa kuziweka. Walimuuza Paul George 2019 wakapewa Shai pamoja na mzigo wa piki. Sasa wanataka wawe wabaya msimu uishe wapate piki ya juu, timu tatu za mwisho kila moja inapata asilimia 14 ya namba moja. Kwa hivyo "this is not us" ni kweli kabisa, wao wenyewe wanasubiri wachezaji ambao ndio watakuwa "us", bado wako shule 😂

---

Radi ya Kirumba
saa 3:52 asubuhi

Msee hapo umenigusa pabaya ila umesema kitu. Ngoja nikujibu kwa adabu. Ofisi inaweza kutaka timu ifungwe. Mchezaji hawezi. Lu Dort hakupata hata drafti, alikuja kwa mkataba wa kuungaunga, unafikiri anaingia pale akisema leo nifungwe ili mwakani aje mtu achukue namba yangu? Jana kafunga 15, ndiye aliyeongoza kwetu. Hao vijana wanacheza kutafuta ugali. Sasa kocha anaongea na nani pale mbele ya maiki? Anaongea na Dort, haongei na Dubu wa Temeke.

---

Mbeba Boksi
saa 4:26 asubuhi

Habari za huko nyumbani. Mimi niko hapahapa Memphis, nabeba boksi ghalani shifti ya usiku, sikuwa uwanjani ila tulikuwa na redio. Mnajua ilivyokuwa? Gepu la 30 watu wanapiga kelele, wanagonga makasha. La 50 wanacheka. Lilipofika 60 pakawa kimya, kila mtu anapekua boksi zake anasikiliza tu, kama mtu anayesikiliza jirani anampiga mtoto. Kuna mzee mmoja tunafanya naye kazi, kwao Tulsa kulekule Oklahoma, lilipovuka 70 akaenda akazima redio akasema inamuumiza masikio. Hakuna aliyeiwasha, na sisi ndio timu yetu ilikuwa inashinda.

Kwa hiyo mimi swali langu ni kwenu mashabiki wa Memphis wenzangu. Kulikuwa na haja?

---

Dubu wa Temeke
saa 4:33 asubuhi

Kaka ulitaka wafanyeje, wapige nje kwa makusudi? Waliomalizia ni watoto wa benchi, Santi Aldama ni mgeni wa ligi, kafunga 18. Yeye dakika anapewa kwa kijiko. Umemwingiza usiku mmoja timu iko mbele 60, umwambie usifunge? Hiyo ndiyo dharau kubwa zaidi, kumchezea mtu kama mtoto mgonjwa. Asilimia 62.5 ya mitupo imeingia, wachezaji tisa wamefikisha pointi 10 au zaidi. Ilikuwa siku ambayo ukirusha hata kandambili inaingia.

---

Shangazi wa Kikapu
saa 4:50 asubuhi

Hapo namuunga mkono Dubu. Nimecheza kikapu miaka kumi na moja, timu ikiwaheshimu mpaka dakika ya mwisho inauma lakini unajua umecheza mpira. Wakianza kupasiana katikati wanacheka, hapo ndipo unatamani ardhi ipasuke.

Ila kwenye maneno ya kocha, wanangu, mnakosea. Dubu umeyaleta kama vile ameyasema kwa kiburi. Mimi nimeyasoma naona mtu anayetafuta pa kuweka mguu. Pointi 73 hakuna cha kuchambua. Hakuna "tulikosea ulinzi wa upande wa kulia". Kila kitu kilikosewa. Utasema nini? Unasema hili siyo letu, tunalivua hapa mlangoni, kesho mazoezini saa nne.

---

Dubu wa Temeke
saa 4:58 asubuhi

Shangazi shikamoo. Lakini Ole, kocha wa Man United, naye alikuwa anaongea maneno ya namna hiyo. United kapigwa 5-0 na Liverpool Old Trafford tarehe 24 Oktoba, akaja na lugha za "tumetoka mbali kama kundi". Mwezi haukuisha, Watford wakampiga nne akaondolewa. Maneno matamu ni dalili.

---

Shangazi wa Kikapu
saa 5:01 asubuhi

Marahaba. Ole alikuwa na Ronaldo na mishahara ya wafalme. Huyu ana watoto wa miaka 20, na yeye mwenyewe ana 36. Usilinganishe harusi na kipaimara.

---

Mwalimu wa Zamu
saa 6:37 mchana

Nimesoma uzi wote wakati wa mapumziko, nimesita kuandika ila acha niandike.

Mimi nafundisha sekondari, na timu ya kikapu ya wavulana iko mikononi mwangu kwa sababu tu ni mrefu, hakuna sababu nyingine. Miaka kadhaa nyuma tulikwenda kucheza na shule moja mjini, sitaitaja, wao wana uwanja wa sementi umechorwa mistari, na magoli yana nyavu. Vijana wangu walizoea ringi iliyochomelewa kwenye nguzo, uwanja wa vumbi. Mpira ukidunda kwenye sementi unarudi haraka kuliko walivyozoea, kila mara unawapita mkononi. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanaudaka mpira mahali ulipokuwa sekunde iliyopita.

Matokeo yalikuwa yanaandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi uliotolewa darasani, kila kikapu wanachora kijiti, vijiti vitano wanafunga fungu. Upande wao ubao ulijaa. Yule mtoto aliyekuwa anaandika akageuka akaniangalia mimi, MIMI, kuniuliza kwa macho kama afute aanze upya au aandike upande wetu maana kulikuwa na nafasi nyingi. Nikamwambia andika tu huku kwetu. Tulipigwa 88-11.

Baada ya mechi niliwapanga mstari mbele ya wenyeji, mbele ya wasichana wa shule ile, nikawaambia hicho ndicho mlicho. Mtaangalia ubao huo na mtajua ninyi ni nani. Neno kwa neno kama Dubu anavyotaka Daigneault aseme. Nilijiona mkweli sana. Jumatatu mazoezini wakaja wanne. Kuna mmoja, mrefu kuliko mimi, mikono mizuri, hakugusa mpira tena mpaka kamaliza kidato cha nne. Nilimfuata mara mbili. Alinijibu kwa heshima kabisa, "mwalimu si ulishatuambia".

Basi ndiyo hivyo. Kengele imegonga.

---

Kiti cha Dirishani
saa 6:44 mchana

Mwalimu umeninyamazisha na kitumbua changu mdomoni

---

Mzee wa Mikeka
saa 6:50 mchana

88-11 ungenipa mapema mwalimu

---

Dubu wa Temeke
saa 7:20 mchana

Mwalimu nimekusoma, na pole. Lakini wale wako ni watoto wa shule, hawalipwi. Hawa wanalipwa mamilioni ya dola. Mtu mzima anayelipwa aambiwe ukweli. Na sijasema awatukane, nimesema akubali. Kuna tofauti.

Naenda swala ya Ijumaa, nikirudi msiwe mmenibadilishia mada.

---

Msee wa Ngara
saa 7:26 mchana

Kwani nyinyi wabongo mlipataje Memphis na OKC? Huku kila mtu ni Lakers, Warriors, Bulls wazee. Memphis??

---

Radi ya Kirumba
saa 7:41 mchana

Msee unauliza makofi polisi. HASHEEM THABEET. Kijana wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, drafti ya 2009 namba MBILI, Memphis. Mbele yake Blake Griffin tu. Nyuma yake Harden namba tatu, Curry wako wa Golden State namba saba. Mtanzania alitajwa kabla ya Curry, hiyo hata tufanyeje haifutiki.

Mtaa mzima ulikuwa Memphis mwaka ule. Halafu akahama hama, 2012 akaja OKC, akakaa misimu miwili na kina Durant na Westbrook. Mimi nikahama naye. Dubu yeye akabaki na Memphis. Ndiyo maana tunatukanana humu miaka yote kama ndugu waliogombea shamba la baba mmoja.

---

Dubu wa Temeke
saa 9:15 alasiri

Nimerudi. Sikubaki na Memphis, nilibaki na jezi. Nilinunua mtumba Karume elfu nane, namba 34 ya Thabeet, mpaka leo ipo, mama watoto anaitumia kufungia madirisha siku za kupaka rangi. Huwezi kuhama timu ukiwa na jezi.

Nimefikiria swalani (Mungu anisamehe). Msimamo wangu uko palepale. "Hii siyo sisi" ni maneno ya mtu anayeruka. Tutaona mwisho wa msimu.

---

Radi ya Kirumba
Jumanne 21 Desemba 2021, saa 1:08 asubuhi

Hodi hodi. Nafufua uzi.

Jana usiku, FedExForum, uwanja uleule, ubao uleule, SIKU KUMI NA NANE baadaye: OKC 102, Memphis 99. Shai yupo. Na Ja Morant wenu ndiyo siku aliyorudi toka majeruhi. Mwenye uzi njoo utwambie, hii ni sisi au siyo sisi? Naomba nijue nichague jezi.

---

Dubu wa Temeke
saa 1:30 asubuhi

Ja alikuwa ndiyo kwanza anarudi, miguu mizito. Halafu kuna mashabiki wetu wapuuzi wamemzomea eti bora asingerudi, kwa sababu bila yeye tulikuwa tunashinda. Nimekasirika na mambo mengi leo, usiniongeze.

Pointi tatu tu lakini. 73 toa 3 tunawadai bado 70.

---

Shangazi wa Kikapu
saa 2:02 asubuhi

Deni linalipwa kidogokidogo mwanangu.

---

Msee wa Ngara
Jumamosi 14 Mei 2022, saa 4:00 asubuhi

Nimepita tu kusalimia 😁 Memphis mlitupiga sisi Golden State 134-95 Game 5 ya mchujo, tukawa nyuma mpaka pointi 55, mkacheza densi mkaimba. Game 6 tumewatoa. Nilikuwa naambia wasee hapa mtaani HII SI SISI, tulieni. Coach wa OKC alinifunza.

---

Dubu wa Temeke
saa 4:11 asubuhi

Mods huyu jamaa ana ruhusa ya kuingia humu?

---

Radi ya Kirumba
Jumatatu 21 Aprili 2025, saa 12:40 asubuhi

Bwana Yesu asifiwe, Pasaka njema kwa wote, na kwa ndugu yangu Dubu pole kwa msiba.

Mchujo, raundi ya kwanza, mechi ya kwanza. OKC 131, Memphis 80. Gepu la 51. Haijawahi kutokea kwenye mechi ya kwanza ya mchujo wowote. Tulimaliza msimu 68-14. Shai ni Shai. Na yule Lu Dort wa pointi 15 usiku ule bado yupo, Kenrich Williams yupo, Aaron Wiggins yupo, walikuwemo kikosini msimu ule wa 73. Waliongezwa Chet na Jalen Williams kwenye drafti ya 2022, Msee alisema bado wako shule, wamehitimu.

Sasa kitu kinachonichekesha mpaka nalia. Taylor Jenkins, kocha wenu aliyewapa zile 152, mmemfukuza tarehe 28 mwezi uliopita zikiwa zimebaki mechi tisa tu. Mmeweka yule Mfini, Tuomas Iisalo. Na kocha aliyefungwa zile 152, mbili ndani ya mwaka mmoja, yule wa "hii siyo sisi", yuko palepale alipokuwa, amekunja mikono vilevile. Mwaka jana kapewa kocha bora wa mwaka.

Dubu nasubiri. Ubao ndiyo wewe. Maneno yako hayo, yapo hapo juu, hayajafutwa.

---

Kiti cha Dirishani
saa 12:44 asubuhi

Miaka minne nimekaa hiki kiti. Chai imepoa lakini sitoki.

---

Mwalimu wa Zamu
saa 1:15 asubuhi

Radi, taratibu. Na yeye ni binadamu.

---

Dubu wa Temeke
saa 3:48 asubuhi

Niko hapa. Sijakimbia.

Jana tulikuwa kwa shemeji zangu Mbagala, wao ni Wakristo, tumealikwa Pasaka, pilau, kuku, soda, nyumba imejaa. Mechi ilianza saa mbili usiku, muda wa watu wazima kwa mara ya kwanza, siyo alfajiri kama mwizi. TV kubwa. Nimevaa ile jezi. Ndiyo, ya madirisha, ina rangi ya krimu mgongoni. Nimewatangazia ukumbi mzima kwamba leo mtaona timu ya Mtanzania.

Robo ya pili shemeji mkubwa akaanza kuniangalia badala ya kuangalia TV. Kuna kipindi OKC walifunga mfululizo sisi hatupati hata kimoja, watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Robo ya tatu mama mkwe akaja akaniwekea nyama ya ziada kwenye sahani bila kusema neno. Wakuu nyama ya huruma mnaijua? Inakaa hapa kooni.

Sasa yule dogo wangu aliyekuwa na homa ile 2021, ana miaka sita sasa, yuko darasa la kwanza, anasoma namba zote. Akasimama mbele ya TV akasoma, akanigeukia mbele ya ukoo mzima wa mama yake akauliza: baba, wenye themanini ndio timu yako?

Na mimi nikajibu, naapa yalinitoka yenyewe, nikasema hapana mwanangu, hawa leo siyo wenyewe.

Hayo ndiyo nimekuja kuandika. Msinitag leo.

---

Shangazi wa Kikapu
saa 3:55 asubuhi

Jamani 😂😂 mwanangu njoo nikukumbatie.

---

Radi ya Kirumba
saa 4:02 asubuhi

Nilikuwa nimeandaa meseji ndefu ya kukusulubu, nimeifuta. Nyama ya huruma imeniua.

(Lakini hesabu ni hesabu. 70 toa 51. Mnatudai 19.)

---

Mzee wa Mikeka
saa 4:20 asubuhi

Mimi safari hii niliwapa OKC washinde kwa zaidi ya 12. Asante Daigneault. Deni la 2021 tumesameheana.

---

Mbeba Boksi
saa 5:30 asubuhi

Bado niko Memphis, bado nabeba. Yule mzee wa Tulsa alistaafu. Jana nimempigia simu nimwambie awashe redio. Akaniambia alikuwa ameiwasha tangu asubuhi, ila gepu lilipofika 50 akaizima. Nikamuuliza kwani safari hii si ni timu yako? Akasema ndiyo, ila masikio ni yaleyale.

---

Radi ya Kirumba
Jumatatu 23 Juni 2025, saa 12:15 asubuhi

MABINGWAAAAA. Mechi ya saba, 103-91. Na mnajua tumemfunga nani? INDIANA. Wale wa 152 ya kwanza. Sijalala tangu saa tisa usiku, kazini naenda hivihivi.

---

Dubu wa Temeke
saa 12:31 asubuhi

Hongera sana kaka. Kwa moyo mmoja. Niliangalia, nilikuwa nawashangilia nyie kimyakimya, mama watoto asijue.

Ila bado naona angeomba radhi siku ile. Neno moja tu.

---

Mwalimu wa Zamu
saa 12:50 asubuhi

Dubu hakubali kitu huyu 😂 ndiyo maana nampenda.

---

Kinda wa Kikapu (mwanachama mpya)
saa 2:09 asubuhi

Habari wakubwa zangu shikamooni. Nimejiunga leo, nimeanza kufuatilia NBA mwaka huu baada ya kumuona Shai. Nimesoma uzi wote mwanzo mwisho nimecheka sana. Nina swali moja tu, samahani kama ni la kijinga. Huyo Thabeet ndiye nani?

---

Radi ya Kirumba
saa 2:10 asubuhi

Dubu umeona?

---

Dubu wa Temeke
saa 2:10 asubuhi

Nimeona. Mods fungeni uzi.